HESABU YA MRUTUTU NA CHOKAA
Jinsi ya kupima dawa ya kahawa kwa moli

1. Sababu ya somo hili

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya wakulima wa kahawa wa milima ya Upare, hasa wale wa Wilaya ya Same walioko Suji, Chome, Mbaga, Vudee, Mamba na vijiji vingine vya juu. Wengi wao wanajua kupogoa, kupalilia na kuweka samadi. Jambo linalowashinda mara nyingi ni kipimo cha dawa. Mmoja hutia chokaa nyingi, mwingine hutia kidogo, na kila mmoja husema, "Hivi ndivyo nilivyoonyeshwa." Katika somo hili tutajifunza kwa nini kipimo kimewekwa kama kilivyo, ili mkulima aweze kukihesabu mwenyewe hata vitu alivyo navyo vikipungua au vikibadilika.

Kahawa yetu ina maadui wawili wakubwa wa jamii ya kuvu. Wa kwanza ni kutu ya majani. Huonekana chini ya jani kama unga wa rangi ya machungwa. Majani huanguka kabla ya wakati wake, na mti ulio uchi mwaka huu hauwezi kuzaa vizuri mwaka ujao. Ugonjwa huu si wa kudharauliwa. Ulipoingia kisiwa cha Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, mwaka 1869, uliharibu mashamba ya kahawa hata wenyeji wakageukia chai. Adui wa pili ni chule buni. Huyu hushika tunda lenyewe likiwa bado bichi, akaweka doa jeusi lililobonyea, na buni ikaoza, ikakauka au kuanguka. Chule buni alijulikana Kenya mwaka 1922, na katika nchi yetu mwaka 1964. Hupenda baridi na unyevu, na hivyo ndivyo vitu ambavyo milima yetu inavyo kwa wingi wakati wa mvua.

Mkulima anayepoteza buni hapotezi buni peke yake. Hupoteza ada ya shule, bati za nyumba, na nguvu ya mwaka mzima. Kwa hiyo kipimo cha dawa si jambo dogo.

2. Dawa yenyewe

Dawa ya zamani ya kuvu, ambayo mkulima anaweza kuichanganya mwenyewe, ni mchanganyiko wa mrututu na chokaa. Mrututu ni yale mawe madogo ya buluu yanayong'aa. Jina lake la kitaalamu ni salfeti ya shaba. Mchanganyiko huu huitwa mchanganyiko wa Bordeaux, kwa jina la mji wa Ufaransa. Wakulima wa zabibu wa huko walikuwa wakinyunyiza mrututu na chokaa juu ya mizabibu iliyo kando ya njia, ili wapita njia wauone uchafu huo na wasiibe zabibu. Mwaka 1882 mtaalamu mmoja, Alexis Millardet, aliona kwamba mizabibu hiyo ya kando ya njia ilibaki na majani yake, na hali mingine ilipukutika kwa ugonjwa. Akafanya majaribio, na mwaka 1885 akaitangaza dawa hiyo.

Siku hizi wakulima wengi hununua dawa za shaba zilizokwisha kutengenezwa, nao watafiti wetu wa TaCRI, Lyamungu, wametoa miche ya kahawa inayostahimili magonjwa haya mawili. Mwenye nafasi ya kupanda miche hiyo na afanye hivyo. Lakini miti ya zamani bado ni mingi milimani, na inahitaji kinga.

Kumbuka: dawa hii ni kinga, siyo tiba. Shaba hukaa juu ya jani na juu ya buni kama ngozi nyembamba, na mbegu ya kuvu inapoanguka hapo na kutaka kuota hufa. Kuvu akiisha kuingia ndani, dawa haimfikii tena.

3. Kwa nini chokaa?

Mkulima anaweza kuuliza: Ikiwa shaba ndiyo inayoua kuvu, kwa nini nisinyunyize mrututu mtupu katika maji?

Jibu ni hili. Mrututu mtupu huyeyuka kabisa katika maji, na shaba iliyoyeyuka huingia ndani ya jani ikaliunguza. Tena mvua moja tu huiosha yote. Chokaa huishika shaba hiyo na kuigeuza kuwa kitu kipya cha rangi ya buluu, kisichoyeyuka, ambacho hugandamana na jani na kuachia shaba kidogo kidogo. Kitu cha pili kinachozaliwa ni jasi, ileile inayochimbwa Makanya. Kwa maneno machache:

Mrututu + chokaa iliyozimwa = shaba ya buluu isiyoyeyuka + jasi

Basi, chokaa ikipungua, sehemu ya mrututu hubaki bila mwenzake. Sehemu hiyo iliyobaki ndiyo inayounguza majani. Kwa sababu hii tunataka kujua: mrututu kiasi fulani unahitaji chokaa kiasi gani, isipungue?

4. Kuhesabu kwa kupima uzito

Kila kitu duniani kimefanywa kwa chembe ndogo mno zisizoonekana. Chembe moja ya mrututu huhitaji chembe moja ya chokaa. Hapo ndipo penye kanuni yote: moja kwa moja. Lakini watu wengi hukosea hapa. Husikia "moja kwa moja," wakadhani maana yake ni kilo moja kwa kilo moja, au kopo moja kwa kopo moja. Sivyo.

Tuchukue mfano wa makande. Tuseme mama mmoja anataka makande ambayo kila punje ya mahindi ina punje moja ya maharage. Hataketi kuhesabu punje za sufuria nzima. Atahesabu punje mia za mahindi na kuzipima. Tuseme zina gramu 35. Atahesabu punje mia za maharage na kuzipima. Tuseme zina gramu 45. Tangu hapo hana haja ya kuhesabu tena. Akipima gramu 350 za mahindi, anajua kuwa ni punje elfu moja. Basi atapima gramu 450 za maharage, nazo ni punje elfu moja. Punje ni sawa kwa sawa, ingawa uzito si sawa, kwa sababu punje ya maharage ni nzito kuliko punje ya mahindi.

Wataalamu wa kemia hufanya vivyo hivyo. Kwa kuwa chembe zao ni ndogo kupita kiasi, hawahesabu kwa mia wala elfu. Wana fungu lao kubwa liitwalo moli. Moli moja ina chembe 602 zikifuatiwa na sifuri 21. Huna haja ya kuikariri idadi hiyo. Lililo muhimu ni kujua uzito wa moli moja ya kila kitu, kama mama yule alivyojua uzito wa punje mia.

5. Uzito wa moli moja

Uzito huu hupatikana kwa kujumlisha sehemu zake. Moli moja ya shaba ina gramu 63.5, salfa, gramu 32, oksijeni, gramu 16, hidrojeni, gramu 1, kalsiamu, gramu 40.

Mrututu una shaba moja, salfa moja, oksijeni nne, na maji matano yaliyofungwa ndani ya jiwe lake. Maji hayo ndiyo yanayolipa rangi ya buluu. Moli moja ya maji ni gramu 18. Hesabu yake ni hii:

63.5 + 32 + (4 x 16) + (5 x 18) = 249.5. Tutasema gramu 250.

Chokaa iliyozimwa ina kalsiamu moja, oksijeni mbili na hidrojeni mbili:

40 + (2 x 16) + (2 x 1) = gramu 74.

Chokaa isiyozimwa, yaani ile iliyotoka tanurini na haijatiwa maji, ina kalsiamu moja na oksijeni moja:

40 + 16 = gramu 56.

Hesabu hizi tatu ndizo za kuandika ukutani pa ghala:

Mrututu: moli moja ni gramu 250.
Chokaa iliyozimwa: moli moja ni gramu 74.
Chokaa isiyozimwa: moli moja ni gramu 56.

6. Hatua tatu za hesabu

Hatua ya kwanza: Geuza gramu za mrututu ziwe moli. Gawanya kwa 250.
Hatua ya pili: Moli za chokaa ni sawa na moli za mrututu, kwa kuwa kanuni ni moja kwa moja.
Hatua ya tatu: Geuza moli za chokaa ziwe gramu. Zidisha kwa 74 ikiwa imezimwa, au kwa 56 ikiwa haijazimwa.

Mfano wa kwanza. Mkulima ana kilo moja ya mrututu, yaani gramu 1000.
1000 ÷ 250 = moli 4 za mrututu.
Basi anahitaji moli 4 za chokaa.
4 x 74 = gramu 296 za chokaa iliyozimwa. Tuseme gramu 300.
Kama chokaa haijazimwa: 4 x 56 = gramu 224.

Mfano wa pili. Mkulima ana bomba la kunyunyizia la lita 20, naye anatumia gramu 200 za mrututu kwa kila bomba.
200 ÷ 250 = moli 0.8.
0.8 x 74 = gramu 59.2 za chokaa iliyozimwa. Tuseme gramu 60.

Ukweli ni kwamba ile shaba ya buluu huwa na salfeti kidogo iliyobaki ndani yake, kwa hiyo chokaa inayotumika hupungua kidogo kuliko hesabu hii. Jambo hilo halina madhara. Linatuweka upande wa usalama.

7. Mbona Bwana Shamba husema kilo moja kwa kilo moja?

Hapa mkulima mwenye akili atasimama na kuuliza. Kipimo cha siku zote ni kilo moja ya mrututu, kilo moja ya chokaa na lita 100 za maji. Hesabu yetu inasema gramu 300 za chokaa zatosha. Je, gramu 700 zinatupwa bure?

Hazitupwi bure. Gramu 300 ni za chokaa safi kabisa, iliyozimwa karibuni. Chokaa ya dukani si safi hivyo. Ina mchanga, ina majivu ya tanuri, tena ina sehemu iliyokwisha kuharibika. Chokaa ikiachwa wazi huvuta hewa fulani, yaani kaboni dioksaidi, na polepole hugeuka kuwa jiwe la chokaa tena, kama lilivyokuwa kabla ya kuchomwa. Kwa macho bado ni unga mweupe, lakini nguvu yake imekwisha.

Basi tazama maana ya kile kipimo cha kilo moja. Mahitaji ni gramu 300 katika gramu 1000, yaani sehemu 3 katika sehemu 10. Chokaa yako ikiwa na sehemu 3 tu zilizo nzima katika kila sehemu 10, kipimo cha kilo kwa kilo bado kitatosha. Wazee waliokiweka kipimo hicho walimwekea mkulima akiba kubwa. Lakini akiba hiyo ina mwisho wake. Chokaa iliyokaa mwaka mzima katika mfuko uliopasuka yaweza kuwa na nguvu chini ya hapo, na ndipo majani huungua ingawa mkulima anaapa kwamba amefuata kipimo.

Ukijua ubora wa chokaa yako, hesabu ni nyepesi: gawanya gramu za chokaa safi kwa sehemu iliyo nzima. Chokaa ikiwa nusu tu ni nzima, utahitaji 300 ÷ 0.5 = gramu 600. Ikiwa sehemu 6 katika 10 ni nzima, utahitaji 300 ÷ 0.6 = gramu 500.

Chokaa ikizidi kiasi, haiunguzi mti kama mrututu unavyounguza, lakini huziba mdomo wa bomba na huongeza gharama. Kwa hiyo, usipojua ubora wa chokaa yako, fuata kilo kwa kilo, kisha jaribu kama tutakavyoeleza katika sehemu ya 10.

8. Chokaa ipi, na isiyo chokaa ipi

Si kila unga mweupe ni chokaa ya kazi hii.

(a) Chokaa iliyozimwa, ambayo watu huitumia kupaka nyumba, yafaa ikiwa ni mpya na mfuko wake umefungwa.

(b) Chokaa isiyozimwa yafaa pia, lakini lazima izimwe kwanza. Tia maji kidogo kidogo, simama mbali, na usiiname juu yake, maana hutokota na kutoa moto mkali unaoweza kuharibu macho. Gramu 56 za chokaa hii hunywa gramu 18 za maji zikawa gramu 74. Kwa hiyo kilo moja isiyozimwa hutoa chokaa iliyozimwa kama kilo moja na gramu 320.

(c) Chokaa ya kilimo inayotiwa udongoni ni jiwe la chokaa lililosagwa, halikuchomwa. Ni nzuri kwa udongo wenye asidi, lakini haifanyi kazi hii ipasavyo.

(d) Jasi haifai hata kidogo. Jasi ndiyo masalio ya kazi yenyewe. Haina nguvu ya kuishika shaba. Mtu akikuuzia jasi iliyosagwa kwa jina la chokaa, atakuunguzia shamba.

Jaribio la ndimu: Weka kijiko kimoja cha chokaa katika kikombe, kikoroge na maji kidogo, kisha kamulia ndimu au tia siki kali. Povu likiumuka kwa wingi, jua kwamba sehemu kubwa imekwisha kugeuka jiwe, au ni chokaa ya kilimo. Chokaa nzima haitoi povu, au hutoa kidogo sana.

Jaribio hili halitambui jasi, kwa maana nayo haitoi povu. Jasi hutambulikana kwa jaribio la kisu, litakalofuata.

9. Kitu kinachokwisha kwanza

Mara nyingi mkulima hana vitu vyote kwa kiasi anachotaka. Tuseme mvua imekaribia, duka liko mbali huko Same mjini, na ghalani mna gramu 400 za mrututu na gramu 90 tu za chokaa mpya iliyozimwa. Afanyeje?

Kwanza ageuze vyote viwe moli.
Mrututu: 400 ÷ 250 = moli 1.6.
Chokaa: 90 ÷ 74 = moli 1.2, na kidogo juu yake.

Chokaa ndiyo itakayokwisha kwanza. Akichanganya vyote, karibu moli 0.4 za mrututu zitabaki bila mwenzake. 0.4 x 250 = gramu 100. Hizo gramu 100 zitayeyuka na kwenda moja kwa moja juu ya majani. Kahawa yake itaungua, na atasema dawa ni mbaya, na hali dawa haina kosa.

Njia iliyo sawa ni hii: ahesabu kwa kile kitu kilicho haba. Moli 1.2 za chokaa zinahitaji moli 1.2 za mrututu. 1.2 x 250 = gramu 300. Apime gramu 300 za mrututu, azitie katika lita 30 za maji kwa jumla, na gramu 100 zilizobaki azifunge na kuziweka mpaka apate chokaa nyingine. Atanyunyiza miti michache, lakini miti hiyo itakingwa. Miti michache iliyokingwa ni bora kuliko shamba zima lililoungua.

Shika kanuni hii: kitu kilicho haba ndicho kinachotawala kipimo.

10. Kuchanganya

Tumia ndoo za plastiki, pipa la mbao au chungu. Usitumie debe la bati wala ndoo ya chuma. Mrututu hula chuma, na shaba yako huishia ukutani mwa ndoo.

(1) Usiku wa kuamkia kazi, funga mrututu katika kitambaa na kuutundika juu ya maji ili kitambaa kiguse maji tu. Maji mazito ya mrututu huzama chini, na maji mapya hupanda kuuyeyusha. Ukiutupa chini ya ndoo hukaa hapo bila kuyeyuka upesi.

(2) Asubuhi, ongeza maji ya mrututu yafike nusu ya maji yote. Kwa kilo moja, ni lita 50.

(3) Koroga chokaa katika nusu ya pili ya maji na kuichuja kwa kitambaa.

(4) Mimina maji ya mrututu katika maji ya chokaa, polepole, huku mwenzako akikoroga. Usichanganye vikiwa vizito kisha kuongeza maji baadaye. Dawa itakuwa ya mabonge na haitashika jani.

(5) Jaribio la kisu: chukua kisu au msumari safi wa chuma usio na kutu, uutie katika dawa kwa dakika chache. Ukitoka mweupe kama ulivyoingia, dawa ni njema. Ukitoka na rangi nyekundu ya shaba, jua kwamba mrututu bado uko huru. Ongeza maji ya chokaa, koroga, ujaribu tena kwa chuma kingine safi. Ukiongeza mara kadhaa na wekundu hauishi, basi unga ulio nao si chokaa. Usiinyunyize dawa hiyo.

(6) Chuja tena unapotia katika bomba. Nyunyiza siku ileile. Dawa iliyolala hushikana na kuacha kugandamana na majani.

Kuhusu kopo: usitumie kopo moja kupimia vitu viwili. Mawe ya mrututu ni mazito, na unga wa chokaa ni mwepesi. Kopo lililojaa la kila kimoja lina uzito wake. Nenda na makopo mawili kwenye mzani wa chama au wa duka, pima mara moja, utie alama ya msumari penye gramu 200 katika kila kopo. Andika jina la kitu juu ya kopo lake. Tangu hapo hutahitaji mzani, na makopo hayo yasitumike tena kwa chakula.

11. Kulinganisha na dawa ya dukani

Hesabu ya moli yaweza pia kukusaidia sokoni. Katika gramu 250 za mrututu mna gramu 63.5 za shaba, yaani kama robo yake. Kilo moja ya mrututu ina gramu 254 za shaba. Dawa ya dukani iliyoandikwa kwamba shaba ni asilimia 50 ina gramu 500 za shaba katika kilo moja, karibu mara mbili. Basi, unapolinganisha bei, usilinganishe kilo kwa kilo. Linganisha shaba kwa shaba. Mrututu ukiwa nusu ya bei ya dawa ile, bado haujawa rahisi, kwa maana utaongeza chokaa na kazi ya kuchanganya.

Lakini usitumie hesabu hii kubadili kipimo kilichoandikwa juu ya kibandiko cha dawa ya dukani. Kifuate kama kilivyo, na hakikisha kwamba dawa imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania.

12. Hadhari

Mrututu ni sumu. Vaa viatu, nguo ndefu na kinga ya macho. Watoto wasikaribie. Mrututu huua samaki upesi. Kwa hiyo usioshe bomba wala ndoo katika mfereji, kijito au ndiva. Maji ya ndiva hunywesha mashamba ya watu wengi walio chini yako. Mwaga maji ya kuoshea shambani mwako mwenyewe, mbali na maji.

Tena kumbuka kwamba shaba haiozi. Hukaa udongoni mwaka baada ya mwaka. Usinyunyize zaidi ya ratiba unayopewa, na usiache kupogoa. Mti ulio wazi hukauka upesi baada ya mvua, na kuvu hapendi mahali pakavu.

13. Maswali ya mazoezi

Jaribu kwanza bila kutazama majibu. Wenye watoto walio sekondari na wawaite wasaidiane nao.

Swali la 1: Una gramu 500 za mrututu. Unahitaji gramu ngapi za chokaa safi iliyozimwa, isipungue?

Swali la 2: Una gramu 280 za chokaa safi isiyozimwa. Itatoa gramu ngapi za chokaa iliyozimwa, na yaweza kushika mrututu gramu ngapi?

Swali la 3: Una gramu 300 za mrututu na gramu 60 za chokaa iliyozimwa, ambayo nusu yake tu ndiyo nzima. Je, chokaa inatosha? Kama haitoshi, uongeze kiasi gani cha chokaa hiyohiyo?

Majibu

La 1: 500 ÷ 250 = moli 2. 2 x 74 = gramu 148.

La 2: 280 ÷ 56 = moli 5. Chokaa iliyozimwa: 5 x 74 = gramu 370. Mrututu: 5 x 250 = gramu 1250.

La 3: Mrututu ni 300 ÷ 250 = moli 1.2. Chokaa safi inayohitajika ni 1.2 x 74 = gramu 88.8, tuseme 89. Kwa kuwa nusu tu ni nzima, zinahitajika gramu 178. Unazo 60. Haitoshi, ongeza gramu 118.

14. Mwisho

Aliyepata majibu yote matatu amekwisha kujua jambo kubwa, na hataogopa tena mfuko ukibadilika au duka likibadilika. Aliyekosa na arudie sehemu ya 6, kisha aende kwa jirani aliyepata. Katika kikundi chenu cha wakulima chagueni mmoja wa kutunza makopo yenye alama, na mmoja wa kufanya jaribio la kisu kila siku ya kunyunyiza. Penye shaka, mwiteni Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata yenu kabla ya kunyunyiza, wala si baada ya majani kuungua.